Mzigo Usiotajwa

Kando ya barabara, mteremko wa pili
Jumatano, tarehe 6 Agosti

Kwa Taratibu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Niliapa sitafungua mdomo kukusemesha mpaka uje mwenyewe kuniomba radhi, na kiapo changu kiko palepale. Hii ni karatasi, na karatasi haina mdomo.

Nina swali moja tu. Kitanda cha Mama kiko wapi?

Dereva wa gari la maziwa amenipitia asubuhi hii akaniambia kwamba jana alikukuta kwenye lile bweni jipya la wanafunzi, unafagia bodi ya lori. Nikamuuliza kama kuna kitu kilibaki humo ndani. Akasema hata vumbi halikubaki, kaka yako ni msafi sana. Chai niliyokuwa nakunywa ikanipalia.

Sasa sikiliza, maana una tabia ya kutosikia. Giaboksi ilipokufa hapa mteremkoni Jumapili, na mwenye mzigo akasema ataleta lori lingine tufaulishe, mzigo uhamie humo, niliomba lije lori lolote duniani isipokuwa lako. Likaja lako. Nikajikaza kiume. Ukalirudisha lori lako, hiyo Subira, kinyumenyume mpaka mkia wake ukagusana na mkia wa gari langu, ukapanda ndani ya bodi yako ukakunja mikono. Mimi nikasimama ndani ya yangu nikakunja ya kwangu. Makuli wakabaki katikati wanatuangalia kama watu walioingia msiba usiowahusu. Vitanda vya chuma vikahama, magodoro yakahama, makabati yakahama, na si wewe si mimi aliyetoa neno. Marehemu Baba angekuwapo angetuchapa sote kwa mkanda wa turubai.

Kanuni yake unaijua kuliko mimi, kwa kuwa wewe ulianza kupanda naye lori ningali nanyonya. Kitu hakivuki kutoka gari hadi gari bila kutajwa. Anayetoa anasema, "Kioo, kisimame." Anayepokea anarudia, "Kioo, kimesimama." Mzigo usiotajwa ni mzigo wa mwizi, ndivyo alivyosema kila siku ya maisha yake. Na sisi wanawe wawili tumehamisha lori zima kama mabubu.

Kile kifurushi kirefu cha mwisho, kilichofungwa kwa turubai la kijani, ndicho kitanda cha Mama. Kwangu kilikuwa ndani kabisa, nyuma ya kebini, kwa hiyo kwako kikawa mlangoni, cha kwanza kushuka. Usiniambie hukukiona. Nilikuona umekikazia macho mpaka kuli mmoja akakuomba upishe. Nikasema moyoni, amekitambua, atakipeleka kwa Mama, maana Mama yuko kwake. Ningewaza nini kingine? Sote wawili tumezaliwa juu ya kitanda hicho.

Kwa nini nilikuwa nimekibeba, hilo halikuhusu. Jibu swali. Dereva wa maziwa hupita hapa kila siku, mpe yeye jibu.

Mdogo wako kwa damu tu,
Upepo


Nyumbani
Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Kwa Upepo,

Mimi sikuapa chochote. Wewe ndiye uliyeapa mbele ya watu, ukabamiza mlango. Mimi nilinyamaza tu, kwa sababu mtu mzima hajibizani na mlango.

Unauliza kitanda kiko wapi. Kiko ulikotaka kiende. Kona ya turubai lako ilifunuka, nikaona tendegu lenye alama nyeusi ya pasi. Alama hiyo niliiweka mimi utotoni na nikachapwa kwa ajili yake, kwa hiyo siwezi kuisahau hata nikiwa usingizini. Nikajiuliza, kitanda cha Mama kinafanya nini katikati ya mzigo wa bweni? Nikakutazama usoni nikisubiri useme. Ukatazama pembeni. Mtu asiye na la kuficha hutaja, Upepo. Wewe hukutaja. Nikajua umekiuza, umekichomeka kwenye mzigo wa watu ili kisafiri bure.

Basi nikaona nikusaidie. Nilikishusha kwa mikono yangu mwenyewe, cha kwanza, nikamwambia matroni wa bweni, "Hiki nacho ni chenu." Nilitaka siku utakapoulizwa na ukoo usiwe na pa kuponea. Na kwa hasira nilishindwa kufungua hata kamba zangu mwenyewe.

Umeachiwa nyumba ya wazazi, ukashindwa hata kulinda kitanda. Na giaboksi haifi, ndugu yangu, huuawa. Mteremko huo Baba alitufundisha kuushuka kwa gia ya pili, mguu uko tayari, mdomo umefungwa. Wewe unaushuka kama unawahi harusi yako. Sasa kaa hapo kando ya barabara ule vumbi la wenzako uliokuwa ukiwapita kwa honi.

Kuhusu radhi, niombe radhi ya nini? Ya kumwokota Mama uani, ameanguka tangu alfajiri, mlango umefungwa kwa ndani, na mwanawe anayeishi naye yuko safarini simu imezimwa? Nilipanda ukuta kama mwizi kumfikia. Miaka mitatu nasikia kwa madereva kwamba nimekuibia mama. Sina radhi ya kukupa.

Mama hajambo. Anakula, analala. Habari ya kitanda haijui na hataijua. Ukimpelekea neno lolote kupitia dereva wa maziwa, mimi na huyo dereva tutaonana.

Taratibu


Mteremkoni
Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Kwa Taratibu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda kuipigia kelele ile giaboksi kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine karibu.

Niuze kitanda cha Mama. Mimi. Wewe uliyekaa na mimi tumbo moja uliwaza hivyo, na ulipowaza hivyo hukunishika shati ukaniuliza, "Wewe mshenzi, unauza kitanda?" Ningekujibu. Naapa kwa kaburi la Baba, kiapo kingevunjika palepale nikakujibu. Badala yake ukakigawa kwa wanafunzi. Mimi, unayeniita mshindwa, nilikuwa nampelekea Mama kitanda chake mlangoni kwako. Nilipanga nikishamaliza kushusha bwenini nipitie kwenu wewe ukiwa safarini, nikiunge kuli akinishikia, niondoke bila kuonana na uso wako.

Unasema Mama analala. Sawa. Andika hapa, kwa wino: Mama analala juu ya nini? Nakuuliza kwa sababu najua. Nimeambiwa na mtu wa nyumba hiyohiyo, ambaye sitamtaja hata nikichomwa moto. Mama anaweka godoro sakafuni na anashindwa kuinuka. Na wewe unaniandikia kwamba hajambo.

Tena usinieleze ulivyopanda ukuta. Ulipanda vizuri, hilo silikatai, na Mungu akulipe. Lakini mimi nilirudi safari nikakuta ukuta una alama za viatu, nguo za Mama ziko kwenye kamba, sufuria imefunikwa jikoni, na Mama hayupo. Nilidhani amekufa. Unasikia? Nilizunguka kwa majirani nikiuliza amezikwa wapi, na wale walionijibu "hatujui" nilidhani wananihurumia. Mpaka jioni ndipo kuli mmoja sokoni akaniambia alimwona kwenye lori lako. Hukuacha hata karatasi mlangoni. Hukutuma hata mtoto wa jirani. Hiyo ndiyo radhi ninayoidai, na nitaidai mpaka nizikwe.

Nenda kakichukue kitanda hicho leo hii.

Upepo


Nyumbani
Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Shemeji,

"Mtu wa nyumba hiyohiyo, ambaye sitamtaja hata nikichomwa moto." Ahsante sana. Nyumba hii ina watu watatu. Mmoja ni kaka yako, mwingine ni mama yako. Ungeandika jina langu kwenye turubai la lori lako ukatembea nalo mjini, ingekuwa siri zaidi.

Kaka yako alisoma barua, akainua macho, akanitazama. Sikungoja aniulize. Nikamwambia ndiyo, ni mimi niliyempigia Upepo simu kuomba kitanda, na nitafanya tena. Tangu Mama alipodondoka kutoka kile kitanda chetu kirefu cha dukani, hataki kupanda kitanda kingine. Ameshusha godoro chini. Kumwinua kunahitaji watu wawili na mara nyingi mimi niko peke yangu, namshika kwapani tunaanguka wote, tunacheka ili tusilie. Kila jioni anasema, "Nataka kitanda changu." Kila jioni, shemeji. Kaka yako akisikia anatoka nje kwenda kukagua matairi. Anaona aibu, ndiyo sababu alikuandikia kwamba hajambo. Sikuweza kumwomba yeye akuombe wewe. Kwa hiyo nikakuomba mwenyewe, nikakuambia ulete kimyakimya. Na kimyakimya ndiko kulikotufikisha hapa, kwa hiyo nami nimo.

Amekwenda bwenini jana. Matroni akamwambia, "Baba, ulisema mwenyewe ni chetu." Kisha akampeleka kuona ngazi. Vitanda vya ghorofa ya juu vilitakiwa vishuke kwanza, vipandishwe ngazi, halafu vya chini vifuate. Wewe ulilijua hilo, ulikuwa umepakia hivyo. Mlipofaulisha mkia kwa mkia mzigo wote ukageuka, na hukumwambia, na yeye hakuuliza. Vya chini vikatangulia, vikaziba ngazi, vya juu vikabaki uani vinanyeshewa mvua. Matroni akasema, "Ukishavipandisha, chukua chako uende." Na makuli hawakuwapo.

Amerudi na kitanda. Amerudi pia amejipinda kama ndoano. Sasa ninauguza migongo miwili katika nyumba moja. Nikimwuliza nani alikosea, anasema ni wewe. Nikikuuliza wewe utasema ni yeye. Mimi nawaambia nyote wawili kwamba nimechoka, na sijachoka na Mama.

Shemeji yako


Nyumbani
Jumatano, tarehe 13 Agosti

Kwa Upepo,

Kitanda kiko hapa. Usinishukuru, sikukifuata kwa ajili yako.

Kabari ziko wapi?

Nimefungua turubai lako mbele ya Mama. Matendegu manne yapo, mbao za ubavuni zipo, chaga zipo. Uso wa Mama ulikunjuka kidogo, sijui alikuwa anafurahi au anashangaa, alikishika kile kichwa cha kitanda akakinusa. Nikaanza kuunga. Nikafika kwenye matundu ya kabari, hakuna hata moja. Nikalitikisa turubai, nikapekua kamba, nikarudi mpaka kwenye lori na tochi. Hakuna. Kitanda hiki alichokiunda Baba hakina msumari wala skrubu, kinashikwa na zile kabari nne tu, unajua hivyo, na wewe ndiye uliyezing'oa.

Nikachukua misumari. Nyundo ilipolia mara ya kwanza Mama alipaza sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mtoto. Akasema, "Baba yako hakupiga msumari kwenye kitanda hiki, na wewe hupigi." Nikauchomoa. Kuna tundu dogo sasa kwenye ubao, analipapasa kwa kidole na haniangalii. Matendegu nimeyaegemeza ukutani. Yeye yuko chini kwenye godoro, anayatazama.

Umezificha makusudi. Ulijua nitafika hapa, nikiwa nimepiga magoti na nyundo mkononi mbele ya mama yangu, na ulitaka nikuombe. Haya. Dereva wa maziwa ana barua hii, mpe kabari arudi nazo kesho.

Taratibu


Mteremkoni
Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Kwa Taratibu,

Kabari ziko hapa, ndani ya kikopo cha maziwa ya unga, chini ya kiti cha dereva. Ziko zote nne, nimezifunga kwa kitambaa zisigongane.

Sikuzificha. Nikukumbushe, maana unakumbuka alama ya pasi ya utotoni na juzi huikumbuki. Tulipomaliza kufaulisha, ukapanda kebini. Nilichukua kikopo hicho nikatembea mpaka kwenye mlango wako. Nilikuwa nimeshaamua kusema. Nilikuwa na neno mdomoni, ningekuambia, "Hizi ni za kitanda cha Mama," basi, kiapo kingekufa hapo mbele ya makuli na wangenicheka mwaka mzima. Ukaniona nakuja. Ukapandisha kioo. Ukawasha gari ukaondoka, nikabaki na kikopo mkononi na moshi wa Subira usoni.

Kwa hiyo kabari hazitoki hapa kwa mkono wa dereva wa maziwa. Kila moja ina tundu lake, Baba alizichonga moja moja, ukibadilisha zinapasua mti. Na haziingii kwa mtu mmoja. Mmoja analala chini kushika tendegu, hamwoni mwenzake, mwingine anapiga kutoka upande wa kichwani. Aliye chini anasema "bado", "bado", "imekaa". Akikaa kimya, aliye juu anapasua. Mimi na wewe ndio tuliokuwa tunamshikia Baba kila tulipohama nyumba. Sasa niambie, tutazipigaje, wewe na mimi? Kwa barua?

Njoo uzichukue. Simama mbele yangu, ufungue mdomo. Nimekaa hapa kando ya barabara nikiwasubiri mafundi, kukusubiri wewe hakutanizidishia kitu.

Upepo


Nyumbani
Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Wanangu wawili, mkubwa na mdogo,

Mimi nasema na mkwe wangu anaandika. Nimemwambia asilainishe. Nakala ni mbili, msije mkasema mmoja kaona na mwingine hakuona.

Barua zilizofika humu nimesomewa zote. Nilimwambia mkwe wangu kama hazisomi, sili. Akazisoma. Kumbe watu wazima wenye ndevu wanaandikiana namna hii.

Kila mtu ana hasira kwa ajili yangu. Mimi nina hasira zangu mwenyewe, na katika miaka mitatu hii hakuna aliyeziuliza.

Wewe mkubwa. Uliponikuta uani nimeanguka ulipanda ukuta, ukanibeba mgongoni, ukanipeleka hospitali. Ulifanya kazi ya mtoto, nami nilikuombea. Lakini tulipotoka hospitali, lori likafika njia panda likakata kushoto. Kwangu ni kulia. Nikakutazama, ukatazama barabara. Hukuniambia tunakwenda wapi. Nikajua sirudi. Ulinipakia, hukunitaja.

Wewe mdogo. Ulirudi ukakuta nyumba tupu, ukadhani nimekufa. Pole, mwanangu, hilo sikulijua mpaka juzi, na limeniuma. Lakini ulipojua niko hai ulifanya nini? Ulikwenda kugombana na kaka yako. Ukamaliza kugombana, ukaapa. Miaka mitatu unaniletea sukari na sabuni kwa mikono ya madereva. Ni siku gani uliwahi kusimama chini ya dirisha langu, hata kama hutaki kuingia, ukaniuliza, "Mama, wewe unataka kukaa wapi?" Na wewe hukunitaja.

Mimi si vitanda vya bweni. Mmenifaulisha kutoka nyumba hadi nyumba, mkia kwa mkia, mmoja akitoa na mwingine akipokea, nanyi wote midomo imefungwa.

Sasa habari ya kitanda. Ni kweli nilisema kila jioni, "Nataka kitanda changu." Mkwe wangu ana moyo mzuri, akadhani nataka kiletwe. Sikusema kiletwe. Kitanda changu kiko chini ya dirisha linalopata jua la asubuhi. Ukutani pana alama ya kichwa cha baba yenu, alipokuwa akiegemea kunywa chai. Huko ndiko nilikotaka kwenda kulala. Mdogo ukaking'oa mahali pekee nilipokuwa nakitaka, ukakipakia kunifuata nacho. Nilipokiona kimefunguliwa hapa sebuleni nilikinusa nikataka kulia, kwa kuwa nilijua sasa hata kule hakipo.

Kwa hiyo nasema hivi. Narudi kwangu, na kitanda kinarudi nami. Kabari zitapigwa kwangu, chini ya dirisha langu. Mmoja ashike na mwingine apige, nami nikae kwenye lori nisikilize. Macho yangu yamefifia, masikio bado yangu. Nikisikia mnataja nitashuka. Nisiposikia sishuki, mtanilaza humo humo kwenye kiti cha mbele mpaka mpate akili.

Mama yenu

Mimi mwandishi nimeandika kama alivyosema. Miaka mitatu nimemwogesha nikidhani niko naye nyumbani. Sikumuuliza hata mimi.


Nyumbani
Jumanne, tarehe 19 Agosti

Upepo,

Bado nina hasira nawe, nianze na hilo, usije ukadhani barua ya Mama imenifanya mlaini. Mgongo unaniuma nikivaa viatu, na kila unaponiuma nakukumbuka. Ungeniambia neno moja tu kuhusu vile vitanda vya ghorofani.

Nimemuuliza Mama. Nilikaa sakafuni pale karibu na godoro, nikamuuliza kama mtu anayeuliza njia: unataka kukaa wapi, nani atakuamsha, nani atakaa nawe Upepo akiwa safarini? Alikuwa na majibu yote. Fundi cherehani, aliyepanga chumba cha uani mwaka jana, atakuwa naye; Mama anasema walikuwa marafiki kabla sisi hatujaota meno, na walishazungumza. Walishazungumza, unasikia? Watu hawa wana simu na akili zao. Mimi nitakuwa napita kila nikienda upande huo, wewe utakuwa unalala hapo kila ukirudi, na mkwe wake atakuja kukaa naye mwisho wa mwezi, akitaka, na amesema anataka. Mlango wa mbele hautafungwa tena kwa komeo la ndani. Hilo lilikuwa sharti langu, akalikubali kwa shingo upande.

Giaboksi mpya unayoisubiri ilikuwa imekwama stoo ya vipuri mjini. Nimeichukua, nimeifunga nyuma. Usiniulize habari ya malipo. Nitafika hapo Alhamisi mchana. Mama atakuwa kiti cha mbele, kitanda nyuma yake, fundi wa magari amekaa juu ya turubai lako la kijani. Fundi huyo atabaki kulifungia gari lako giaboksi, wewe utapanda na sisi, na utakaa kimya kuhusu mwendo wangu mteremkoni.

Kuhusu kioo. Nilikuona unakuja. Niliona kikopo mkononi mwako, nikadhani unataka kunirushia. Utotoni ndivyo ulivyokuwa, ulikuwa hukosi. Nikapandisha kioo. Hilo ndilo lililotokea na sina la kuliongeza.

Ipo karatasi niliyotakiwa kuiacha mlangoni siku ile. Niliiwaza, Upepo. Nilisimama mlangoni na Mama mgongoni nikaiwaza, nikasema nitampigia simu, na simu yako ilikuwa imezimwa, kisha hasira zikanipanda nikasema acha aone mwenyewe. Nimeiandika leo. Ni hii:

Mama yuko kwangu. Alianguka. Yu hai.

Imechelewa. Lakini nimetaja.

Kaka yako,
Taratibu


Mteremkoni
Jumatano, tarehe 20 Agosti

Kaka,

Mama yuko kwako. Alianguka. Yu hai. Nimepokea.

Kabari nne, ndani ya kikopo. Teremsha kioo, kisha ujibu.

Mdogo wako